Mwanangu anaionyesha simu na kusema "baba"

SWALI: Shikamoo dada. Nina mtoto wa kiume wa mwaka 1 na miezi 10. Tunakaa Kimara, mume wangu ni karani wa ghala Kurasini. Anatoka saa 12 na nusu asubuhi mtoto bado amelala, kazini ni saa 2 asubuhi hadi saa 1 jioni, na kwa foleni za Dar anafika nyumbani saa 3 usiku. Ni hivyo siku sita kwa wiki. Huwa namchelewesha mtoto kulala ili amwone baba yake, lakini akibebwa tu anajinyonga, analia, ananitaka mimi. Mchana baba yake akipiga simu ya video anafurahi mno. Sasa hata simu ikiwa imezimwa anaionyesha kwa kidole na kusema "baba". Juzi mume wangu akaniambia, "Umemlea akujue wewe tu." Sikumjibu. Niliingia bafuni, nikafungulia bomba, nikalia. Mimi nashona nyumbani, na dada wa kazi aliondoka tangu Februari. Je, mtoto hampendi baba yake? Nifanye nini bila kumwongezea mume wangu mzigo, maana naye amechoka? (Mama Nasri)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo lililokuliza. Nasri anampenda baba yake, na ushahidi umeniandikia mwenyewe bila kujua. Mtoto wa miezi 22 ana maneno machache, na moja katika hayo amempa baba yake. Ameliweka pale anapokutana naye akiwa ameshiba, ameamka vizuri na hana hofu, yaani kwenye simu ya mchana. Angekuwa hamtaki, asingemtafuta kwenye kioo kilichozimwa.

Usiku mambo ni mengine. Mtoto wa umri huu akibanwa na usingizi, njaa, homa au woga, humkimbilia yule aliyezoea kumtuliza. Kwenu huyo ni wewe. Hiyo tabia huanza kuonekana mtoto akiwa na miezi minane hivi, kisha hupanda na kushuka mpaka baada ya miaka miwili. Anaweza kushinda mchana kutwa akicheza kwa jirani, lakini macho yakianza kuwa mazito hataki mtu mwingine yeyote. Katika miaka niliyokaa kwenye chumba cha kliniki ya watoto nimewaona wakiwakataa mabibi waliowalea tangu wakiwa wachanga, kwa sababu tu ilikuwa saa ya kulala na mama alikuwa mlangoni. Bibi akijua hivyo hucheka, akasubiri kesho. Baba aliyeshinda kutwa akihesabu magunia huumia, na aliyeumia hutafuta wa kumlaumu.

Kwa hiyo hebu tuitazame saa yenyewe Nasri anayokutana na baba yake. Barua yako haikusema Nasri analala na kuamka lini, lakini nilipokuuliza ulinijibu: usiku analala saa 5, anaamka saa 2 asubuhi, na mchana analala kuanzia saa 9 alasiri mpaka saa 11 na nusu jioni. Ukijumlisha unapata saa 11 na nusu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Usingizi wake unatosha. Ila umekaa vibaya. Amelala saa ambayo baba yake angeweza kumpata, na yuko macho saa ambayo mwili wake umekwisha kuchoka. Saa 3 usiku unampa mume wako mtoto mwenye macho mekundu, anayepikicha sikio, aliyefika ukingoni. Hata mimi ningelia.

Najua ulikuwa unamkeshesha kwa nia njema kabisa. Sasa geuza. Mwache alale mapema, akutane na baba yake alfajiri.

Usifanye kwa siku moja, atakusumbua bure. Anza na usingizi wa mchana: uvute uwe saa 7 badala ya saa 9, na saa 9 ukifika mwamshe taratibu, fungua pazia, acha sauti za nje ziingie. Ukishatulia huo, usiku uvute kwa robo saa kila baada ya siku mbili au tatu. Jioni iwe na mpangilio uleule kila siku: chakula saa 12, kuoga, taa ipunguzwe, TV izimwe, halafu kitandani. Wiki ya kwanza na ya pili atagoma. Kwa mwendo huo inachukua wiki nne hivi, wakati mwingine tano, mpaka awe analala saa 2 usiku na kuamka saa 12 asubuhi. Hapo ndipo unapopata ile nusu saa ambayo nyumba yenu haijawahi kuwa nayo: baba yuko nyumbani, hajachoka, na mtoto ameamka mzima.

Nusu saa unaiona ndogo? Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Kanada, alikuwa Uganda. Alikuwa akitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala, anakaa nao sebuleni, anaangalia namna watoto wachanga wanavyoshikamana na watu wao. Mengi anayofundishwa leo mtu anayesomea malezi yana mizizi kwenye sebule zile za Buganda. Jambo moja lililomgusa ni kwamba baadhi ya watoto walishikamana sana na baba zao, ingawa waliwaona mara chache. Aliona kwamba lazima kulikuwa na kitu cha pekee katika namna baba alivyokuwa na mtoto, upole fulani au furaha kubwa ya kumwona, kilichozaa mapenzi makubwa kuliko idadi ya saa. Nimelibeba jambo hili kazini kwangu kwa miaka, kwa sababu akina baba wengi wa mjini wamekwisha kata tamaa wakidhani wameshapitwa. Hawajapitwa. Mtoto wa miezi 22 hahesabu saa. Anachoshika ni kwamba jambo fulani zuri hutokea kila siku kwa namna ileile, na mtu wa jambo hilo ni yuleyule.

Ndiyo maana nataka Baba Nasri apewe kazi moja iliyo yake kabisa. Moja tu. Kwenu ningechagua uji. Wewe uupike usiku uuweke kwenye chupa ya chai, asubuhi yeye ndiye anayemimina kwenye bakuli, anaupoza, ananyweshana na mwanawe. Uji una mambo mengi kuliko unavyodhani: kuna kusubiri upoe, kupuliza pamoja, kijiko cha mtoto na kijiko cha baba, kufuta kidevu. Ndani ya dakika kumi na tano mtoto ametazamwa usoni mara nyingi kuliko jioni nzima mbele ya TV. Akimaliza, wafungue mlango pamoja, wamwage maji kwenye ule mti wenu wa mbele kama upo, kisha baba aage.

Kuhusu kuaga, naomba sana. Kuna tabia tumeirithi ya kumtoroka mtoto: bibi anamvuta kwenye dirisha aangalie kuku, baba anachomoka mlango wa nyuma. Tunaona tunamwokoa na kilio. Mtoto anageuka, mtu hayupo. Akitorokwa mara mbili tatu anajifunza kwamba baba ni mtu wa kuyeyuka, na anaanza kumganda yule aliyebaki, ambaye ni wewe, mpaka chooni. Baba aage kwa neno moja lilelile kila siku, amguse kichwani, aondoke bila kurudi nyuma mara tatu. Nasri atalia. Mshike, mwambie, "Baba ameenda kazini, atarudi." Baada ya wiki kadhaa kilio kitafupika chenyewe.

Wiki ya kwanza wewe ukae palepale chumbani, ushone au ukunje nguo, mtoto akuone. Baba asimkimbilie wala asimnyakue. Akae chini kwenye mkeka, awe na bakuli, amwache mtoto amfuate. Mtu mzima aliyesimama ni mrefu sana kwa mtoto wa umri huo, na mikono inayoshuka kutoka juu inatisha. Akikaa chini, mara nyingi mtoto husogea mwenyewe, anagusa goti, anarudi kwako kukuangalia, anasogea tena. Huko kwenda na kurudi ndiko kuzoea kwenyewe, msimharakishe. Wiki ya pili uwe jikoni. Wiki ya tatu uwe unaoga.

Sasa linakuja jambo ambalo najua litakuuma kidogo, na nalisema kwa mapenzi. Mwaka juzi walikuja kliniki mume na mke na mtoto wa umri kama wa Nasri. Yule bwana alikuwa fundi wa kuchomelea, vidole vizito, vimeungua hapa na pale. Nikamwomba yeye amvue mtoto shati tumpime uzito. Akaanza na kifungo cha juu, kikamshinda kidogo, kikafunguka. Akawa kwenye cha pili, ulimi ameutoa pembeni ya mdomo, mtoto anamtazama vile vidole kwa makini kabisa, hajalia. Mkewe akanyoosha mkono, akafungua vyote vinne kwa mara moja, akasema, "Leta, utachukua mwaka." Hakusema kwa ubaya. Lakini yule bwana alirudi nyuma hatua moja, akauchukua mkoba wa nguo, na muda wote uliobaki alikuwa mshika mkoba. Safari iliyofuata nilimwomba mama ashike mkoba yeye. Ilichukua dakika tatu kumvua mtoto shati. Hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Wewe umemlea Nasri peke yako tangu dada aondoke, unajua kila kitu chake, na mikono yako ina haraka. Baba atamvalisha suruali nyuma mbele. Uji utamwagika kwenye mkeka. Atampa kijiko mkono wa kushoto, atamwimbia wimbo wa timu yake badala ya ule wako. Kama hakuna moto, maji ya moto, kisu wala barabara, nyamaza. Ukisema "si hivyo" mara tatu asubuhi moja, kesho atakukabidhi bakuli na kurudi kwenye simu yake, na utakuwa umempa sababu.

Jumapili ongeza jambo moja: amwogeshe yeye, nje, kwenye beseni, kabla jua halijawa kali. Mwambie maji ayapime kwa kiwiko na asimwache mtoto kwenye beseni hata kwa sekunde ya kupokea simu, kwa sababu maji machache tu yanatosha kumzamisha mtoto mdogo. Kisha wewe toka. Namaanisha utoke kweli, uende sokoni Kimara Mwisho au kwa shoga yako, saa mbili nzima. Ukibaki chumbani mtoto atakusikia na kazi yote itaharibika.

Namna ya kumwambia mume wako. Usimwambie saa 3 usiku. Mtu aliyesimama kwenye daladala kutoka Kurasini hana masikio saa hiyo, na wewe pia utakuwa umechoka, yatatoka maneno ya kufungulia bomba tena. Ngoja Jumapili baada ya chai. Usianze na lile neno lake la juzi. Mwonyeshe kwanza mtoto anavyoionyesha simu na kusema "baba"; pengine hajawahi kuliona hilo, maana linatokea akiwa kazini. Halafu sema kitu cha namna hii: "Baba Nasri, usiku mtoto huwa ameshachoka, ndiyo maana analia. Nataka nimlaze mapema ili asubuhi awe wako. Nakuomba kitu kimoja tu, uji wake uwe unamnywesha wewe kabla hujatoka." Baada ya hapo ndipo unaweza kumwambia kwamba lile neno lilikuumiza. Mwambie, usilimeze. Lakini liseme kama maumivu yako, na uache nafasi aseme ya kwake. Nadhani utakuta nyuma ya lile neno kuna mwanamume anayeogopa kuwa mgeni nyumbani kwake.

Tena hakuanza nyuma kwa kupenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, ikampa baba angalau siku 3 ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Wewe ulipata wiki kumi na mbili za kujifunza kilio cha Nasri usiku na mchana, kama ajira rasmi ndiyo kipimo. Yeye alipata siku tatu, na pengine mbili zilikwisha kwenye foleni ya hospitali. Mnapolinganishana, kumbukeni hapo mlipoanzia.

Na kwa kuwa nimeitaja sheria, mkaitazame pamoja kwa upande wa saa zake. Saa 2 asubuhi hadi saa 1 jioni, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 10. Kwa siku sita ni saa 60. Sheria hiyo inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Yeye ana ziada ya saa 15 kila wiki, yaani 60 kwa wiki nne. Wapo ambao kifungu hicho hakiwagusi, kama mameneja wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri, lakini karani wa ghala kwa kawaida si mmoja wao. Simwambii akagombane na mwajiri kesho. Asome mkataba wake, aangalie kama ziada hiyo inalipwa, na kama kuna chama cha wafanyakazi aulize. Huenda ikapatikana Jumamosi moja kwa mwezi, au kutoka saa 11 jioni siku moja. Hata hiyo ni kitu.

Simu ya mchana iendelee. Mwongozo ule wa Afya Duniani unasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili usizidi muda wa saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Hayo ni ya katuni, na hapo nakusihi uwe mkali, hata kama cherehani inakuita. Kuzungumza na baba kwa video ni jambo la namna nyingine. Hata chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hulitenga na makatazo yake ya kioo. Ila msimpigie baba atazamwe tu. Afanye kitu: ajifiche nyuma ya boksi atokee, aseme lile neno lake la kuagia, aulize "uji wetu wa asubuhi ulikuwa mtamu?" Hivyo mtu wa kwenye simu na mtu wa kwenye mkeka wanaunganika kichwani mwa mtoto.

Sasa wewe. Umeandika kuhusu bomba kwa sentensi moja, ukapita haraka. Mimi siwezi kupita. Kulia siku moja baada ya neno linalochoma ni jambo la kawaida. Lakini kama unalia siku nyingi, kama umepoteza hamu ya chakula au ya cherehani yako, kama usingizi hauji hata mtoto akiwa amelala, na hali hiyo imefikisha wiki mbili, nenda kituo cha afya ukamweleze mhudumu, useme wazi kwamba hujisikii sawa moyoni. Hali hiyo huitwa sonona; inawapata akina mama hata mtoto akiwa ameshaanza kukimbia, na inatibika. Ukijiwa na fikra za kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje hata kesho. Mpe mtoto mtu mzima mwingine na uende siku hiyohiyo.

Hata kama si sonona, huwezi kushona kwa oda na kumlea mtoto wa umri wa kupanda meza ukiwa peke yako. Mtafute binti au mama wa jirani wa kukaa naye saa tatu za asubuhi, siku tatu kwa wiki, umlipe kwa kadiri ya oda zako. Akifika miaka miwili mnaweza kufikiria kituo cha kulelea watoto mchana. Kiwe kilichosajiliwa, na kabla ya kulipa ingia ukakae nusu saa uone walezi ni wangapi, choo kikoje, na mtoto anayelia anafuatwa na nani.

Akijibwaga chini na kupiga miguu, usimchape na usimhubirie. Ondoa kilicho karibu kinachoweza kumuumiza, kaa naye chini, ongea kidogo sana. Hasira ya miezi 22 ni kubwa kuliko maneno aliyonayo.

Mwisho, chukua kadi yake ya kliniki uiangalie leo. Chanjo ya pili ya surua na rubella hutolewa akiwa na miezi 18. Kama nafasi hiyo iko wazi, mpeleke wiki hii. Angalia pia tarehe ya vitamini A, ambayo hupewa kila baada ya miezi sita, na dawa ya minyoo. Maneno yake yahesabu mpaka siku ya kutimiza miaka miwili. Kama bado haungi mawili, "baba njoo", "taka maji", au ukiona ameacha maneno aliyokuwa nayo, omba apimwe masikio kabla ya mtu yeyote kukuambia "wavulana huchelewa tu". Siku ya kumpeleka kliniki, kama Baba Nasri atapata ruhusa ya asubuhi, yeye ndiye amvue shati kwenye mzani. Wewe shika mkoba.